Gauni la Mzani

Ee, kula alikula, hilo usiulize. Akipewa uji palepale kituoni alikuwa akiumaliza, na kikombe akikilamba. Kilichomshinda Jerioth ni mzani. Mtoto mwezi huu mzito, mwezi ujao mwepesi, ukifuata tena kazidi. Kama maji ya pale Mtongwe, yajaa, yapwa. Na mtoto wa watu si bahari.

Huyo Jerioth alikuwa mwanamke wa Meru, kaletwa Likoni kupima watoto. Ilikuwa miaka ile ya tisini, ukimwi unachukua vijana mpaka watu wamechoka kwenda mazikoni. Wafadhili wa ng'ambo wakaleta unga wa uji, maziwa ya kopo na mafuta ya kupikia, vya watoto walioachwa. Vizuri, Mungu awalipe. Lakini walikuja na sharti lao: nyumba moja, kadi moja, mtoto mmoja. Huko kwao labda ndivyo nyumba zilivyo.

Bi Barke, mzee wa Mtongwe aliyezika mabinti zake, akapata kadi ya mjukuu wake Mishi. Kila mwezi akija naye, mtoto kanyolewa kipara kwa ajili ya choa, kavaa gauni la samawati, lile lile siku zote. Bi Barke mwenyewe akiliita gauni la mzani. Foleni yafika barabarani, watoto walia, Jerioth anamtundika mtoto kwenye ndoano ya mzani, anasoma, anaandika, anashusha. Uso wa mtoto autazame saa ngapi?

Ila vitu vidogo vidogo aliviona. Mwezi mmoja Mishi akitundikwa alia mpaka majirani watoka nje. Mwezi wa pili acheka, abembea kama yuko viwanjani siku ya Idi. Na kuna siku Jerioth alimwita, mtoto akaitika labeka. Bi Barke akamfinya.

"Sema abee. Wewe mtoto wa kike."

Jerioth akacheka tu. Kwao hawaitiki hivi wala hivi.

Basi akaitwa Nyali, ofisini kwa Bwana Phineas, mkubwa wa mradi. Phineas alikuwa mtu wa tai na feni, mtoto hajawahi kumbeba hata mmoja. Akamwambia wafadhili wanauliza, kwa nini huyu mmoja hapandi kama wenzake. Jerioth akajaribu kumtetea mama wa watu, kwamba ni mcha Mungu, kwamba hakosi hata mwezi. Phineas akamkata.

"Huyo nyanya anauza unga, na wewe unamwangalia tu. Ama ulikula pilau yake? Nenda urudi na hiyo kadi. Nyumba ziko nyingi."

Jerioth akavuka feri jua la utosi, na hasira. Amkasirikie nani sasa? Phineas na feni yake? Wafadhili, ambao mtoto kwao ni mstari kwenye karatasi, ukipinda wanakata? Mwisho akaona wa kumkasirikia ni Bi Barke. Amemtetea, kumbe anachezewa.

Alipofika, kitu cha kwanza kukiona uani ni gauni la samawati, limeanikwa kambani, lachuruzika maji. Bi Barke alikuwa jikoni akikuna nazi. Jerioth akamwamkia shikamoo, maana adabu haikumtoka hata na hasira zake, kisha akamweleza alilotumwa. Bi Barke hakubisha. Akamfungulia kabati atazame mwenyewe. Unga ulikuwa umebaki chini ya kopo, wa kufuta kwa kidole.

"Wallahi sikuuza hata kibaba."

"Basi unakwenda wapi, bibi? Mwezi haujafika hata nusu."

"Waliwa."

"Na Mishi? Mbona hapandi? Wananiambia mimi ni mjinga, na mimi ninaona ni kweli."

Bi Barke akafungua fundo la leso, akatoa kadi, imelainika kama kitambaa. Akampa mkononi. Akasema kama ni kuchukua achukue, yeye mwanamke mzee hana nguvu za kushindana na serikali wala na wazungu. Lakini sima ishaiva, na mgeni hatoki nyumbani kwake na njaa. Akatandika mkeka. Akaleta sinia la shughuli, lile pana la kualika watu, sima katikati na mchicha wa nazi pembeni.

Jerioth akalitazama lile sinia, akatazama mlango. Hakuketi.

"Nitakula, bibi. Lakini mwite Mishi kwanza. Ale hapa mbele yangu, nimwone kwa macho yangu."

Bi Barke akachomoa mchicha ulionata kwenye ukingo wa sinia, akaurudisha katikati. Akasema polepole:

"Mwite wewe, mwanangu. Kadi si unayo wewe."

Jerioth akasimama mlangoni na kadi yake, akaita Mishi.

"Abee," akaitika mtoto aliyekuwa akifukuza kuku.

"Abee," akaitika mwengine, kutoka nyuma ya choo.

"Abee," sauti ikatoka chini ya kitanda, ndani.

Wa mwisho akaja mbio kutoka njiani, mvulana, kaptura kaishika mkononi isianguke. "Labeka," akasema. Akamwona bibi yake, akaziba mdomo haraka. "Abee."

Wakanawa, wakalizunguka sinia, vipara vitupu. Bi Barke akasogea kidogo mkekani. Jerioth akaisukuma kadi chini ya goti la yule mzee, akavua viatu, akaketi nao kula.