Vicheko Kumi vya Blogu ya Salhina

Siku hizo kila mtu mzima alipewa vicheko kumi kwa mwezi, na kikuku cha mkononi kilivihesabu. Vikiisha, koo halikutoa kicheko tena mpaka mwezi mpya. Watu waliwatunzia wachekeshaji maarufu vicheko vyao, kwa hiyo Salhina, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanzisha blogu ya vichekesho pale Muheza, alishangaa kuona blogu hiyo ikihesabiwa vicheko kumi kamili vya wasomaji kila mwezi.

"Nina wasomaji kumi waaminifu," alimwambia mumewe, Mbwana.

"Watazidi tu, mke wangu."

Jumapili moja asubuhi binti yao mdogo, Tumu, alipiga magoti mbele ya sufuria ya maharage.

"Shikamooni!"

"Unayaamkia maharage, mwanangu?" Salhina aliuliza.

"Yapo motoni tangu jana, Mama. Ni wazee."

Salhina akaangua kicheko. Mbwana alifungua mdomo, mabega yakamtikisika, lakini sauti haikutoka. Tumu alimkodolea macho.

"Baba hajafurahi?"

Salhina alimshika mumewe mkono, akaona kikuku kinaonyesha sifuri.

"Vile kumi vya blogu yangu, vyote ni vyako wewe?"

"Sikutaka ukate tamaa," Mbwana alinong'ona.

Salhina alimkumbatia, machozi yakimtoka. Mwezi uliofuata hakuandika chochote. Tumu alipovaa ungo kichwani kama kofia, Mbwana alicheka kwa sauti, na mtoto akapiga makofi kwa furaha.

"Tena, Baba!"

"Basi kwa leo, mwanangu," Salhina alisema kwa upole, akiuvua ule ungo. "Tumwachie Baba vya wiki ijayo."