Samaki wa Chini wa Zamda

Siku hizi hatuziki. Marehemu husagwa akawa mchanga, nasi tukamweka sebuleni, ndani ya tangi la maji ya chumvi. Nilikwenda kumtafutia mwanangu Zamda samaki wa kukaa naye chini.

"Chukua mkundaji, Mama Zamda," muuzaji alisema. "Hizi ndevu ndizo jembe lake, anachimba kutwa."

"Sitaki mchimbaji. Nataka anayetulia, mwanangu alale."

"Mchanga usiochimbwa huoza, mama. Utakuwa mweusi, utanuka."

Nikamchukua. Nilipomtia tangini alizama moja kwa moja, akajaza mchanga kinywani, akautolea mashavuni, akajaza tena. Zamda alipokuwa akiumwa hakupenda kuguswa. Niliweka kiganja kwenye kioo, nikamwambia, "Pole, mama. Vumilia. Anakusafisha tu."