Wageni wa Shomvi

"Tangu asubuhi tap-tap-tap, na muziki wenyewe siusikii! We Shomvi, unanitobolea ukuta?" Bi Mwanaharusi alimfokea jirani yake kutoka dirishani.

"Kompyuta ndiyo haisikii, dada," Shomvi alijibu, kidole juu ya kibao cha vitufe.

"Basi kaoe, upate wa kukusikia!"

Shomvi akacheka kidogo, akarudi kitini. Kila kitufe kilibeba sauti ya mwenzake wa kundi lao la muziki, aliyoirekodi kabla hawajatawanyika na wengine kufa: fidla, ngoma, na kicheko cha Makame kabla ya kila wimbo. Akakagua mipangilio upya. Kibao kilikuwa kinatuma sauti kwenye poti 8000, mlango mmoja wa kompyuta, na programu ilikuwa inazisubiri kwenye poti 9000. Kumbe siku nzima wenzake walikuwa wanaita pasipo mtu. Akabadilisha namba, akabonyeza vitufe kimoja baada ya kingine.

Makame akacheka. Fidla ikaingia, ngoma ikafuata, chumba kikajaa.

Wimbo ulipokwisha, mlango ukagongwa. Bi Mwanaharusi alisimama na mwiko mkononi, hasira zimemwisha.

"Una wageni na husemi? Wali upo tele. Waite wote, mje mle."

Shomvi akageuka. Juu ya meza, taa za vitufe zilikuwa bado zinawaka.