Mume Aliyetaka Picha Tu

"Sauti inaweza kutolewa, ikabaki picha peke yake?"

Twaiba aliweka bisibisi chini akamtazama mteja wake vizuri. Tangu afungue kibanda chake cha kutengeneza simu hapa Ukunda, watu humjia wakilalamika sauti inakatika. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka picha bila sauti, na Twaiba alianza kumshuku papo hapo.

Aliitwa Mbwana, bawabu wa hoteli moja ya Diani, na sare ya kazi bado alikuwa nayo mwilini. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali ya Msambweni na mimba yao ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mchana huo daktari angekuja kitandani kuzungumza naye habari ya upasuaji. Mbwana aliomba ruhusa kazini akanyimwa, akapewa muda wake wa chakula tu, naye alitaka awepo kwa simu daktari atakapofika. Hadi hapo Twaiba alimhurumia.

"Programu hii ya vidio iliyokuja na simu," alimweleza, "picha yake ni kubwa tena safi, lakini mtandao ukiyumba, yakatika yote. Hii ya kupakua ina ujanja wake. Mtandao ukipungua huiacha picha igande, huilinda sauti. Wateja wangu wengi huipenda hii."

"Mimi siitaki. Jana ilinifanyia hivyo hivyo. Iliniachia sauti. Sauti itanifaa nini?"

"Hutaki kumsikia mkeo?"

"Ninataka kumwona. Yeye na daktari pamoja. Nimewaambia wauguzi simu wasiiweke karibu na uso, waiweke mbali, na taa iwake, niione mikono yake yote miwili."

Eti mikono. Damu ya Twaiba ilichemka. Wanaume wa namna hii aliwajua, aliwahi kuolewa na mmoja. Kila alipokwenda sokoni alipigiwa vidio: hebu zungusha simu, nani huyo nyuma yako, umeshika nini, nionyeshe. Siku alipopewa talaka yake alichinja jogoo akawaalika majirani kula. Na leo amemjia mwengine, mke yuko kitandani hajui kama atatoka salama, yeye anashughulika na mikono iko wapi daktari akiingia. Kuna watu Mungu amewanyima haya kabisa.

"Kaka yangu, daktari ni daktari," alisema. "Hata huko humwamini mkeo?"

"Hili si jambo la kuaminiana."

"Basi mwache azungumze naye kwa raha zake."

"Mimi ndiye ninayemzungumzia."

"Kwani yeye hana mdomo?"

Mbwana alikunja uso. "Dada, mambo ya mke wangu ni sitara yangu. Sikuja kuyaanika barazani. Nimekuja kutengenezewa simu."

Sitara tena. Hata yule wa Twaiba neno hilo lilikuwa halimwishi kinywani. Mke afungiwe ndani, sitara. Asizungumze na binamu yake, sitara. Wakishamaliza kumnyima mtu pumzi huliita jambo lenyewe kwa jina zuri la dini, na wewe ukiuliza umekosa adabu.

Pale kibandani palikuwa na waifai yenye nguvu. Twaiba angemwunganisha, ile vidio ya simu yenyewe ingekwenda bila kukwama hata kidogo. Hakumwunganisha. Aliichukua simu akaizima vidio iliyokuja nayo, kisha akaingia kwenye ile ya kupakua na kuipanga ibane bando: sauti mbele, picha ikipatikana. Angalau maskini yule mwanamke azungumze na daktari wake bila kupelelezwa.

"Tayari," alisema, akamsukumia simu. "Utasikia kila kitu."

Hazikupita dakika nyingi simu ikaita. Sauti ya muuguzi ilitoka safi, utadhani ameketi pale kwenye benchi.

"Baba, daktari ameshafika. Mtoto anachoka, inatakiwa apasuliwe sasa hivi. Lakini ni lazima mama mwenyewe aelewe na akubali. Zungumza naye."

Kwenye kioo cha simu palikuwa na ukungu wa kijivu na ncha ya pazia, vimeganda.

"Picha," alisema Mbwana. "Dada, nirudishie picha."

"Sauti unayo. Zungumza."

"Ninakuomba."

"Mwache amjibu daktari. Ni mtu mzima yule."

"Baba?" muuguzi aliita. "Hakuoni. Anatutazama tu, na ameanza kulia."

Mbwana alikuwa akibonyeza kila mahali kwenye kioo, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Twaiba alikunja mikono kifuani. Hakumwonea huruma hata chembe.

"Kama ana la kusema," alisema, "si aseme?"

Picha ikarudi. Mwanamke kijana alikuwa ameinuka nusu kitandani, macho kayakodoa kwenye simu, midomo kaifumba, na vidole vya mikono yake miwili vikienda mbio hewani, vikisita, vikianza tena. Kisha ikaganda.

Mbwana aliiegemeza simu kwenye kopo la nyaya, akarudi nyuma hatua moja ili aenee kwenye kamera, akainua mikono yake na kuanza kuijibu kwa vidole, bila sauti, ile picha iliyoganda.