Mguu Uliobaki Juu

Mbwa aliganda ghafla kando ya ziwa la Greenbelt, huku ughaibuni, mguu mmoja wa mbele ukiwa juu. Kwetu, mbwa akiinua mguu hivyo, amechomwa na mwiba. Nikafunga breki za kiti cha magurudumu cha mzee ninayemtunza, nikapiga magoti kwenye nyasi.

"Pole, wewe. Lete nione."

Siku ya kwanza kazini, binti wa mzee alinieleza kuwa mbwa wao ni wa Kifaransa, wa ukoo wa kuwinda ndege. Mimi nilishika moja tu: masikio yasafishwe kila Jumamosi.

"Usimguse, Chepkirui," sauti ya kukwaruza ikasema nyuma yangu. "Ameona ndege."

Tangu apigwe na kiharusi Machi 1998, mzee hakuwa ametamka neno.

Sikugeuka. Niliogopa ndege angeruka, na ile sauti nayo.