Mwenye Meli Alipe

Migebuka walielea ziwani matumbo juu, lakini maji ya Kagunga yalikuwa maangavu. Hakuna utando, hakuna harufu ya dizeli.

Meli mpya ya mizigo haikutumia dizeli. Ilitumia methanoli, spiriti inayochanganyika na maji usiione. Tangi lilipasuka gatini, samaki wakafa, uvuvi ukafungwa.

Vichanja vya kukaushia dagaa vikabaki vitupu. Skolastika, kiongozi wa wanawake wakaushaji, alijua kwamba bila fidia kikundi kimekwisha.

"Dada, tusikaze sana," alisema Gasper, mdogo wake. Yeye ndiye aliyewasemea mjini Kigoma, kwa kuwa wanawake waliona wakubwa humsikiliza mwanamume. Ndiye aliyewapatia nauli ya bure kwenye meli hiyo.

"Nauli ya bure ndiyo imekuziba mdomo? Lete suruali hiyo nivae mimi, wewe chukua kitenge changu."

Wanawake walicheka. Gasper hakucheka.

Kikao kilifanyika shuleni, mbele ya Asnath, ofisa wa mazingira. Polycarp, meneja wa kampuni ya meli, alianza kwa kukana. Sheria inataja mafuta, alisema, na spiriti si mafuta.

"Kwa hiyo migebuka wamekufa kwa aibu?" Skolastika akamkatiza.

Hata Asnath alitabasamu. Kisha akakunja uso. "Mafuta au spiriti, kilichotoka kwenye tangi kimeua. Anayebeba hasara ni mwenye meli, hata kama siku hiyo alikuwa amelala kwake."

Polycarp alifikiri kidogo. "Sawa. Sibishi tena. Mwenye meli alipe."

Vigelegele vikapasua darasa. Gasper alimvuta dada yake mkono akae. Skolastika akaupangua.

"Alipe yote! Akishindwa, iuzwe nyumba yake, liuzwe shamba lake la michikichi. Asihurumiwe!"

"Ndivyo mnavyotaka wote?" aliuliza Asnath.

"Wote!"

"Basi nimeamua hivyo."

Skolastika akamgeukia Polycarp, mikono kiunoni. "Haya, baba. Mnaanza kulipa lini?"

"Sisi tunaiendesha tu, mama. Tangi lilipoanza kutia nyufa, meli tulikipa kikundi chenu iwe mali yake. Gasper aliipokea kwa niaba yenu. Hakuwaambia?"