Mtaro Uliopinda

Muhanga alichimba mashimo makubwa kuliko mnyama yeyote, na kila aliyetaka kulala humo alikaribishwa. Siku mvua ilipojaza maji shimo la wote, aliwageukia wenzake kwa hasira.

"Mnalala bure, mnaamka mnajinyoosha! Makucha yangu yameisha, na hakuna anayeshika udongo!"

Ngiri alitazama chini. Nungunungu naye akatazama chini. Muhanga alipowaona wametahayari, akazidi kufoka.

"Semeni basi! Mlishindwa kuchimba hata mtaro wa kutoa maji?"

"Tuliuchimba, mzee," alisema Nungunungu taratibu. "Mimi na Ngiri, kiangazi kilichopita."

"Uko wapi?"

"Ulipouona ulisema umepinda. Ukaufukia, ukasema utachimba mwenyewe ulionyooka. Tumekuwa tukiona haya kukukumbusha."

Muhanga aligeukia shimo. Maji yalikuwa yamewafika watoto wa Ngiri tumboni.

"Nionyesheni ulikopita," alisema, naye sasa akitazama chini.

Wakatangulia wao wakiufukua mtaro, yeye akafuata nyuma akizoa udongo. Na pale mtaro ulipopinda, naye akapinda nao.